Kabla ya kumwambia mvuvi ana ugonjwa wa neva za mwendo

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi anaanza kuangusha kamba ya wavu. Miezi ikipita, kiganja kinasinyaa, misuli ya mkono inachezacheza yenyewe, na daktari akigonga goti mguu unaruka kupita kiasi. Nyumbani wameshasema karogwa. Je, ni ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaoua neva zinazoendesha misuli? Inategemea vigezo anavyotumia daktari kuutambua.

Vile vya El Escorial, mji wa Hispania walikokutana wataalamu, vya mwaka 1994 vinagawa mwili kanda nne: ulimi na koo, shingo na mikono, kifua, kiuno na miguu. Dalili zikienea kanda nyingi, mgonjwa anapanda daraja kutoka “huenda” hadi “hakika”. Kwa mtafiti anayejaribu dawa, ukali huo una maana. Kwa mgonjwa ni kungoja maradhi yamtambae ndipo yaaminike. Wapo waliokufa wakiwa bado “huenda”.

Vigezo vya Gold Coast, mji wa Australia, vya mwaka 2020 vilifuta madaraja hayo. Kwanza, udhaifu uwe unazidi. Pili, kanda moja ioneshe dalili za neva za juu, zitokazo ubongoni, pamoja na za chini, ziendazo kwenye misuli. Au za chini pekee zionekane kanda mbili. Tatu, magonjwa mengine yaondolewe.

Mawili ya kwanza yanahitaji macho, nyundo ya goti na subira, hata Ujiji yanafanyika. La tatu ndilo lenye nauli, maana vipimo vyake viko mbali.

Si lote, lakini. Sisi walaji wa ugali wa muhogo lazima tuulizwe kuhusu konzo, kupooza kunakoletwa na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Huko Tarime konzo iliwapata watu miaka ya 1980. Ila konzo huja ghafla, hukaza miguu yote miwili, kisha haiendelei. Swali la “ilianzaje?” linatosha kuitenga, bila mashine.

Uti wa mgongo uliobanwa shingoni ni mtihani mwingine. Husinyaza mikono na kukaza miguu, sawasawa na mvuvi wetu, nao hufanyiwa upasuaji. Hapo nawaunga mkono wanaosita kuutamka ugonjwa wa neva za mwendo mapema. Riluzole, dawa ya ugonjwa huo, huongeza miezi tu ya maisha. Kumpa mtu hukumu hiyo kimakosa ni kumnyima tiba iliyopo.

Navikubali vigezo vipya, kwa sharti: faili liandikwe “anashukiwa”, aangaliwe kupaliwa na kupumua tangu siku hiyo. Na kama familia ina nauli ya safari moja tu ya Mwanza au Dar es Salaam, ningeitumia kwa MRI ya shingo, picha inayoonesha kama uti wa mgongo umebanwa.