Andersson wa leo baba yake haitwi Anders

Wiki iliyopita nilikuwa kaunta ya ofisi moja hapa Sweden nafuatilia karatasi za binti yangu. Dada aliyenihudumia akauliza mbona jina la mwisho la mtoto ndio jina langu la kwanza, nikamweleza kwetu mtoto anabeba jina la baba yake, akanirudishia fomu akasema hilo sio jina la ukoo, nikatafute la ukoo ndio nirudi. Nimetoka pale roho inaniuma na mpaka leo inaniuma.

Jamani, kwani Andersson ni nini? Ni mtoto wa kiume wa Anders, basi! Mjukuu wa Anders hakuitwa Andersson, kama baba yake ni Per basi yeye ni Persson, na dada yake ni Persdotter, yaani binti wa Per. Watu wa vijijini huku wameishi hivyo miaka na miaka.

Jumapili nikapita makaburi ya kanisa moja la kijijini Småland, kusini mwa Sweden, kuna jiwe limeota kuvu, nikalifuta kwa kiganja. Mume Persson, mke Andersdotter. Wamelala kaburi moja na kila mtu yuko na baba yake. Nikasimama pale nikawakumbuka bibi zetu wa pwani, binti Juma, binti Salum, wameolewa wamezeeka wamezikwa na majina ya baba zao.

Halafu karne ya 19 majina yakaanza kuganda, kwanza mijini, na mwaka 1901 ikatoka amri ya kusimamia majina ya ukoo. Waliokuwa Andersson siku hizo wakabaki Andersson na vizazi vyao vyote, na kwa vile akina Anders walijaa kila kijiji ndio maana leo akina Andersson ni zaidi ya laki mbili na wengi wao hawana undugu hata wa mbali. Waliohamia Marekani kati ya 1850 na 1930, zaidi ya milioni moja, wengi wakaangukia Minnesota na Illinois, huko Andersson ikapoteza s moja ikawa Anderson. Wanajeshi wa zamani nao walipewa majina mapya kikosini, kama Rask, Modig, Stål, ili majina yasigongane.

Kinachoniuma zaidi ni hao akina dotter. Mtoto wa kike anazaliwa leo anaandikwa Andersson, mtoto wa kiume wa mtu aliyekufa zamani, na hakuna anayeshtuka! Lakini binti yangu kubeba jina la baba aliye hai, anayempeleka shule kila asubuhi, hilo ndio tatizo.

Sawa, serikali inahitaji kujua nani ni nani, hilo nakubali. Ila sheria yao wenyewe iliyoanza 2017 inaruhusu mtu kuchukua jina la mzazi akaongeza son au dotter, kwa hiyo wanajua kabisa ni jina halali.

Fomu iko hapa mezani. Pale kwenye jina la ukoo nimeandika jina langu, kwa wino, na kesho asubuhi naipeleka.