Roboti wa Slack na ubishi wa seva: hoja ni sekunde 3, si bei

Ukiwakuta wahandisi wa programu wanabishania roboti wa ofisini wa Slack (programu ya kuandikiana ujumbe kazini), yule anayepokea maombi ya likizo na kutangaza mfumo ukianguka, ubishi huwa ni uleule. Upande mmoja unasema: kodi seva ndogo, weka programu moja, kazi imekwisha. Wa pili hautaki seva ya kulea: tukio, mfano ujumbe wa mfanyakazi, likitoka Slack lipokelewe na kipande kidogo cha msimbo kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo pale tu unapoitwa), litupwe kwenye foleni ya SQS (huduma ya Amazon ya kutunza ujumbe unaosubiri kushughulikiwa), kipande kingine kilichukue na kulishughulikia. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa ni watu wanaopenda kuchora mishale kuliko kufanya kazi. Mimi naona wanawaonea. Tatizo ni kwamba wanaoonewa hujitetea kwa hoja iliyo dhaifu kuliko zote walizonazo, yaani bei.

Tuimalize hiyo bei. Ofisi ina watu 200, kila mmoja anamsumbua roboti mara 20 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni matukio 88,000, wakati Lambda inatoa miito milioni 1 ya bure kila mwezi. Sawa, ni bure au karibu na bure. Lakini seva ndogo nayo ni dola chache kwa mwezi, na sijamwona mhasibu aliyekosa usingizi kwa dola 5. Ubishi ukiushinda kwa dola 5, hujashinda kitu.

Hoja yenyewe ni sekunde 3. Slack ikituma tukio inataka jibu la HTTP 200, yaani "nimepokea", ndani ya muda huo. Isipolipata inahesabu kwamba ujumbe haukufika, inautuma tena: papo hapo, kisha baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 5. Sasa mfanyakazi anaandika "@roboti niombee likizo tarehe 14 hadi 18". Roboti anauliza mfumo wa rasilimali watu, ambao mwisho wa mwezi hujikokota, na jibu linarudi baada ya sekunde 6. Programu iliyoandikwa kwa mtiririko wa kawaida, yaani pokea, uliza, andika, jibu, itafanya kazi yake vizuri kabisa, na itaifanya mara nne. Meneja anakuta mtu mmoja kaomba likizo ileile mara nne. Mwombaji naye, dakika kadhaa baadaye, akiwa ameshahamia mambo mengine, anaambiwa tena kuwa ombi lake limepokelewa. Kwenye kumbukumbu za seva hakuna kosa hata moja, kwa sababu kila ombi lilifanikiwa. Na hutaliona hilo kwenye majaribio, kwani mfumo wa majaribio hauna watu na hujibu kwa nusu sekunde.

Dawa yake inajulikana: anayepokea asiwe ndiye anayetenda. Karani wa masjala hukugongea muhuri wa "imepokelewa" na kukuruhusu uende zako. Hakuweki dirishani mpaka mkurugenzi asome barua. Mlango wa mbele uhakiki saini ya Slack (alama ya kuthibitisha kuwa tukio limetoka Slack kweli), uweke tukio kwenye foleni, ujibu 200. Mengine yote baadaye.

Hapo upande wa seva moja unasema, na ni kweli, kwamba hilo linawezekana hata kwenye seva yao. Linawezekana, ila ninachokiona mara nyingi ni mkato: programu inajibu 200 halafu inaendelea na kazi kichinichini, ndani ya kumbukumbu ya muda ya mashine (RAM). Seva ikiwashwa upya katikati, labda kwa sababu mtu kapandisha toleo jipya saa nane mchana, kazi zote zilizokuwa mkononi zinapotea, na Slack haitazirudia maana ilishajibiwa. Kwenye Lambda mkato huo unakuumbua mapema. Msimbo ukisharudisha jibu, mazingira yake hugandishwa. Kazi uliyoiacha kichinichini inasimama palepale, na huenda ikazinduka mwito unaofuata au isizinduke kabisa. Unalazimika kuweka foleni ya kweli, ambayo inatunza ujumbe hata kila kitu kingine kikizima. Ulazima huo ndio ninaoutetea, kuliko sifa nyingine zote za mifumo hii.

Wapinzani wana mfano wao waupendao: mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, huduma ya video ya Amazon wenyewe, walieleza jinsi walivyouhamisha mfumo wao wa kukagua ubora wa picha na sauti kutoka vipande vilivyotawanyika, Lambda ikiwemo, hadi programu moja, wakapunguza gharama kwa zaidi ya asilimia 90. Mfano ni wa kweli, ila kazi ile ni ya kumulika mikondo ya video kila sekunde, bila kupumzika. Roboti wa ofisi hulala saa 12 jioni na Jumapili nzima.

Wanaponishika kweli ni kwenye kutafuta hitilafu. Kwenye programu moja unafungua faili moja la kumbukumbu, unasoma. Huku ombi moja limepita mlangoni, kwenye foleni, kwa mtendaji, kwenye kanzidata, na kila kituo kina kumbukumbu zake. Aliyeujenga mfumo akihama kazi, anayerithi anakuta vipande vitano vyenye majina ya ajabu. Kubeba kitambulisho kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho husaidia. Slack yenyewe hukupa event_id. Husaidia, lakini maumivu hayaishi.

Kitambulisho hicho kina kazi nyingine ambayo wengi huiacha. Foleni ya kawaida ya SQS yaweza kukupa ujumbe mmoja zaidi ya mara moja, kwa hiyo wengine hukimbilia aina ya FIFO (wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka), inayozuia marudio kwa dakika 5. Sasa kumbuka ratiba ya Slack: rudio la mwisho huja baada ya dakika 5, dirisha limeshafungwa. Afadhali uandike event_id kwenye DynamoDB, kanzidata ya Amazon, kwa sharti kwamba isiwepo tayari. Ikiwepo, mtendaji aache.

Halafu kuna foleni ya pembeni, ya ujumbe ulioshindikana. Muda wa kawaida wa SQS kutunza ujumbe ni siku 4, na kwa foleni ya kawaida siku hizo zinahesabiwa tangu ujumbe ulipoingia foleni ya kwanza, si ulipohamishwa. Ombi lililokwama Alhamisi mchana, Idi ikaangukia Ijumaa na Jumatatu ikawa mapumziko, Jumanne asubuhi hulikuti: lilishafutwa Jumatatu mchana. Kikomo unaweza kukisogeza hadi siku 14. Kisogeze, weka kengele ya kulia foleni hiyo ikipata hata ujumbe mmoja, na kengele iende kwa mtu mwenye jina, si kwenye chaneli ya timu nzima.