Ulibonyeza "Nakubali", kwahiyo ndo basi?

Mdogo wangu anaendesha bajaji Mbagala. Juzi saa kumi na moja alfajiri anawasha simu aingie kazini, akaunti yake ya apu ya kuitia usafiri imefungwa, ujumbe mistari miwili tu, umekiuka masharti. Masharti yapi? Tukayafungua kwenye hiyo simu yake yenye kioo kilichopasuka, tukashuka nayo mpaka dole gumba likachoka, Kiingereza kitupu, na Kiingereza cha dogo ni kile cha kumuuliza mzungu anashukia wapi.

Kijiweni wakamwambia huna ujanja, ulikubali mwenyewe. Mi hapo ndo nakataa.

Kuna kesi ya Kanada naipenda sana. David Heller alikuwa anapeleka chakula kwa apu ya Uber kule Toronto, wiki anaingiza kama dola 400 mpaka 600. Akaishtaki kampuni kwa niaba yake na wenzake, akidai ni waajiriwa, akaambiwa soma mkataba wako, ugomvi wowote unaamuliwa Amsterdam, na kufungua tu shauri huko ni dola 14,500 za Marekani, tena hiyo bei kwenye mkataba haikuandikwa popote! Juni 2020 Mahakama ya Juu ikasema kifungu hicho ni batili, maana mmoja hawezi kubadilisha hata nukta na akibanwa hana pa kwenda kulalamika. Hawakusema kama ni mwajiriwa au sio, hilo hawakuligusa, walimfungulia mlango wa mahakama tu, na ufunguo ulikuwa sheria ya mikataba ya kawaida kabisa.

Sisi huku Tanzania macho yote LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Sawa, 2022 walishusha komisheni, yaani kile apu inachomkata dereva kwenye nauli, mpaka 15%, Uber wakasimamisha huduma, mwisho wa mwaka ikapandishwa 25% wakarudi, dereva yupo palepale. Wakati Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ipo kabatini miaka yote inasema ridhaa lazima iwe huru, na mwenye nguvu akiutumia unyonge wa mwenzake kujipatia faida isiyo ya haki, aliyeonewa anaweza kuuvunja mkataba. Kwanini hatuijaribu? Najua, hela ya wakili. Ila madereva mia wakichanga, mmoja akasimama kwa niaba ya wote, sio hela ya kutisha hivyo, vicoba tunachanga kila wiki.

Kwa sasa nimemwambia dogo apige skrinshoti masharti yote kabla hawajayabadilisha. Kafika picha ya arobaini na kitu, simu inamwambia imejaa, futa kitu.