Medali ya zaituni, na mafuta yetu kwenye chupa ya maji

Juzi nimeingia duka moja Mji Mkongwe, katika yale maduka ya viungo yanayowinda wageni, kutafuta mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto. Mwanangu ana miezi minne na mamaangu hataki kusikia habari ya losheni. Rafu ya juu, penye taa, zimejipanga chupa za mafuta ya zaituni kutoka Ulaya, kila moja na kibandiko cha dhahabu shingoni. Bei 48,000. Mafuta ya nazi mpaka uiname. Yamo kwenye chupa za maji ya kunywa, lebo ya maji haijabanduliwa, yamesukumwa kule chini karibu na sabuni ya unga. Nikamuuliza kijana yametoka wapi.

"Shamba."

Shamba gani?

"Shamba tu, dada. Hayo ya juu ndo yana medali."

Nikanunua yote mawili, kwa hasira.

Zaituni naiheshimu, msinijie juu. Mwenyezi Mungu kaiapia ndani ya Qur'ani, na nyumbani kwetu Wete, Pemba, hakikukosekana kabatini kijichupa cha zaituni iliyosomewa, cha kuchulia mgongo. Ugomvi wangu ni na kile kibandiko. Nilipofika nyumbani nikakisoma vizuri: medali ya miaka minne nyuma! Mafuta haya hayazidi utamu kwa kukaa. Kila mavuno yana mafuta yake, na yakipita mwaka na nusu, miwili, tena yamekaa kwenye mwanga, ndiyo yamekwisha. Nikaonja kijiko. Zaituni nzuri inatakiwa ikuwashe koo kama pilipili, hata ukohoe. Hiyo ni sifa yake, si ila. Hii imepita kooni kimya kama maji ya mchele. Ubora umeshakufa zamani, medali bado inang'aa.

Nikakesha nasoma habari za mashindano yanayotoa medali hizi za zaituni. Lile kubwa la New York lilianzishwa mwaka 2013. Sasa niambieni, New York na mizaituni wapi na wapi? Kule kuna theluji. Ila kuna meza. Mkulima wa Tunisia, ambaye miaka nenda miaka rudi mafuta ya nchi yake yalikuwa yanauzwa kwa mapipa yakatiwe kwenye chupa za Italia na Hispania, analipa ada, anapeleka chupa yenye jina lake mwenyewe. Wanakaa watu wenye pua zilizofunzwa, wanaamua yapi mazuri. Mwenye meza ndiye mwenye kusema "zuri" ni nini. (Na ada anakula yeye, tusijifanye hatuoni.)

Kuonja kwenyewe kuna adabu zake. Mafuta yanatiwa kwenye kigilasi cha buluu ili rangi isikudanganye, yanapashwa mpaka nyuzi 28, yanafunikwa. Mwonjaji anakikumbatia kigilasi kiganjani, anafunua, ananusa, kisha anayavuta mdomoni kwa kelele ambazo hapa kwetu mtoto angepigwa kofi. Jopo likikubaliana kwamba pana kosa, uvundo au ukungu au harufu ya siki, ile daraja ya juu kabisa, ekstra vajini, imeshapotea, hata kama maabara imepima asidi ikakuta iko chini ya asilimia 0.8. Yaani pua ina kura ya turufu.

Nilicheka peke yangu usiku, kwa sababu hiyo kazi bibi yangu wa Ole kaifanya maisha yake yote bila kigilasi. Anatia tone nyuma ya mkono, anasugua, ananusa. Halafu anachovya utambi wa pamba, anauwasha. Utambi ukilia chwachwachwa, mafuta yana maji: "Haya hayafiki Mfunguo Mosi," yaani mwezi wa baada ya Ramadhani. Akinusa anakwambia nazi zilikuwa koroma, hazijakomaa. Au tui lilikesha mpaka likachacha. Au mpikaji alikwenda kupiga soga ukumbini, mashapo yakashika chini ya sufuria. Siku moja alinusa chupa ya jirani akataja mpaka sufuria iliyotumika. Alikisia? Labda. Lakini jirani alinyamaza.

Sasa yapelekeni mafuta ya bibi huko nje yakashindane. Yataanguka siku ya kwanza. Soko la ghali huko nje linataka mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, meupe pe, yenye harufu ya nazi mbichi tu. Ile harufu ya tui lililoiva, ambayo kwetu ndiyo mafuta yenyewe, ndiyo bi harusi, ndiyo nywele za utotoni, huko itaandikwa kwenye karatasi kuwa ni kosa: yameungua. Na atakayeandika hajawahi kushika kifumbu cha kukamulia tui.

Kwa hivyo nasema meza iwekwe hapa. Mashindano ya kimataifa ya mafuta ya nazi, Pemba, yenye mafungu mawili: ya baridi na ya kupika. Waje Wafilipino, waje Waindonesia, Kerala, Sri Lanka, Mafia, Lamu, Ngazija. Chupa zifungwe namba, jina lisionekane, na kwenye jopo wakae waonjaji wa kigeni pamoja na wanawake wanaopika mafuta tangu wana miaka kumi. Kila medali iandikwe mwaka na mavuno, na mwaka ukipita kibandiko kibanduliwe.

Nishaanza kusikia: pesa zitatoka wapi? Tangu 2004 tunawakusanya wanamuziki wa Afrika nzima Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara, na majukwaa na spika zao, leo chupa mia mbili zitatushinda? Karafuu tunazipanga madaraja, hata makonyo, vile vikonyo vyake, yana kiwanda chake pale Wawi. Nazi hata jina la kijiji haina.

Wengine hawalisemi ila linawakaa rohoni: tutashindwa nyumbani kwetu. Tushindwe! Ile chupa ya maji niliyoinunua nimeifanyia mtihani wa bibi. Utambi ulilia kama vitumbua kwenye chuma, na siku ya tatu nilipofungua kizibo uvundo ulinipiga usoni. Mtoto sikumpaka. Yule kijana wa dukani, inaniuma kusema, hakukosea sana kuyaweka chini. Lakini aliyeyapika hajui kama yamechacha, wala hatojua, kwa sababu chupa haina jina na hakuna wa kumrudishia. Kesho atapika vilevile, na nitaumia mie au wewe.

Usiku nikampigia bibi nikamweleza mpango wote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akauliza:

"Hao Wafilipino, nazi wanakuna kwa mbuzi?"

"Nadhani kwa mashine, bibi."

Kimya. Nikasikia anahamisha simu sikio la pili.

"Kwa mashine? Basi nawaje."