Herufi Tatu Kwenye Jalada

Nilipoombwa niseme maneno machache baada ya khitma ya Ami, mzee aliyetuuzia sukari, majani ya chai na bizari katika duka moja la Usita wa Mui hapa Lamu tangu mimi sijaota meno, nilikubali upesi mno, kwa kuwa mimi ni mwalimu na maradhi ya walimu ni kutokataa kusimama mbele ya watu. Duka halikuwa lake. Alikuwa mwajiriwa wa kupima na kufunga tu, lakini siku ambazo mwenye duka alikaa mwenyewe kwenye mizani, wateja walinunua kibiriti kimoja wakaenda barazani kumngoja Ami arudi kutoka msikitini.

Mambo ya kusema hayakukosekana. Ningeweza kueleza jinsi alivyopima kwa kilo huku midomo yake ikihesabu kwa ratili, jinsi alivyokunja kipande cha gazeti kikawa pembe ya kutilia pilipili manga bila punje kudondoka, na jinsi punda wa jirani, aliyezoeshwa maganda ya machungwa, alivyotia kichwa dukani kila alasiri akaiziba njia, na katika vichochoro vyetu punda mmoja akigoma ni mtaa mzima uliogoma. Hayo, hata hivyo, kila mtu aliyajua, nami nilitamani kusema lisilojulikana.

Kijana wake ndiye aliyenikabidhi daftari lililokutwa chini ya mizani, kwa sababu niliwahi kujigamba kwamba nasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama walivyokiandika wazee. Juu ya jalada palikuwa na herufi tatu: dali, ya, nuni, bila irabu hata moja. Nikasoma “dini”. Ndani, kila mstari ulikuwa na sifa ya mtu, hesabu na mwezi, pasi na jina lolote. Usiku ule sikulala kwa furaha. Muuza sukari wetu, kumbe, alikuwa mwanachuoni wa siri, aliyewachunguza watu kutoka nyuma ya mizani na kumwandikia kila mmoja idadi ya nyiradi za kumtengenezea tabia!

Basi khitma ilipokwisha na kahawa kuzungushwa, nilisimama nikasoma: “Mwenye kofia ya vito, mbili, mfungo sita.” Nikafafanua kwamba kofia ni ishara ya kujiona, mbili ni rakaa, na mfungo sita ni mwezi wa Maulidi. Bwana mmoja wa safu ya mbele aliivua kofia yake akaikalia. Nikaendelea: “Mwenye punda kilema, tano.” Mzee mmoja alikohoa hadi akaletewa maji. “Bwana arusi, kumi na nane, tangu fungate.” Hapo watu wote walimgeukia kijana mmoja, mkwewe akiwa wa kwanza, nami nikapandisha sauti, kwani niliyaona macho yanawatoka watu nikadhani ni mawaidha yanayowaingia.

Nikafungua ukurasa uliofuata kwa madaha. “Mwalimu wa maneno mengi, thelathini na saba. Mshahara wa mwezi wa tatu umepita, wa nne umepita.”

Ulimi ulikwisha kutangulia. Akili ilifika mwisho, kwenye neno mshahara. Nilikumbuka sukari ya kaimati, unga, samli na tende za Ramadhani nzima, na nilikumbuka kwamba Ami alihesabu kwa mia. Mzee wa chuoni aliyeketi kando yangu alinivuta kanzu akaninong’oneza: “Mwanangu, herufi hizo husomwa pia deni. Keti.”

Mwenye duka ndiye aliyetushangaza zaidi, kwa kuapa kwamba hesabu zake hazikupata kupungua hata senti moja. Ami alikuwa akijaza pengo kwa mshahara wake mwenyewe, na majina aliyaacha makusudi, ili daftari hata likimwangukia mropokwaji, asifedheheke mtu. Hakuwaza kwamba mropokwaji huyo atakuwa na cheti cha ualimu.

Kulipokucha, kijana wake aliketi kizingitini kupokea fedha kwa niaba ya mamake aliyekuwa edani. Mkwe wa bwana arusi alifika kabla ya adhana ya alfajiri na shilingi 1,800 mkononi. Wenye kofia ya vito walikuja watatu, kila mmoja na 200 zake, wala hakuna aliyekubali kwamba si yeye. Yupo “mwenye mkono mzito, sita”, ambaye mpaka leo hajatokea. Mimi nililipa 1,000, na kijana akaandika pembeni mwa mstari wangu, kwa herufi zile zile za babake: “Amepunguza.” Jina langu bado hajaliandika.