Hofu ya Ghafla Itibiwe Kwanza, au Maradhi Yote kwa Pamoja?

Ni nadra ugonjwa wa hofu ya ghafla kumpata mtu bila maradhi mengine. Mgonjwa anayeshtukia moyo ukimwenda mbio na pumzi zikimwishia, akaamini kwamba anakufa, mara nyingi huwa pia na sonona, wasiwasi usiokoma au mazoea ya kujituliza kwa pombe. Hapo ndipo wataalamu wa tiba ya fikra na tabia, inayofanywa kwa mazungumzo na mazoezi, wanapotofautiana: waishughulikie hofu pekee, au wagawe vipindi vyao kati ya hofu na maradhi yanayoandamana nayo?

Wanaoshikilia hofu pekee wana hoja nzito. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alieleza kwamba shambulio huchochewa na jinsi mtu anavyoyatafsiri mapigo ya moyo au kizunguzungu kuwa dalili za kifo au wazimu. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa aziamshe hisia hizo kwa makusudi, kwa kupumua kupitia mrija mwembamba au kuzungushwa kwenye kiti, kisha azivumilie hadi aone kwamba janga alilolitazamia halikutokea. Zoezi hilo halina maana likifanywa mara moja; kila kipindi kinachohamia kwenye huzuni hulipunguzia nguvu. Utafiti wa Michelle Craske na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliwakuta waliotibiwa hofu pekee wakipata nafuu zaidi, hata kwa maradhi ambayo hayakuguswa.

Upande wa pili una David Barlow na wenzake wa Boston, Marekani, ambao mwaka 2017 walichapisha matokeo ya watu 223. Mwongozo mmoja wa kutibu maradhi mbalimbali ya hisia ulifanya kazi sawa na miongozo ya ugonjwa mmoja mmoja, na walioacha tiba njiani walikuwa wachache zaidi. Manufaa hayo si madogo, ingawa kwangu faida kubwa zaidi ni urahisi wa kufundisha watoa tiba mwongozo mmoja badala ya mingi.

Naegemea kuanza na hofu, ila mwenye mawazo ya kujiua hawezi kuambiwa asubiri zamu. Pombe na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, nazo haziwekwi kiporo: anayemeza kidonge kabla ya kupanda basi atakishukuru kidonge, wala hatagundua kwamba moyo ungetulia wenyewe. Vidonge hivyo, vikishazoeleka, hupunguzwa polepole chini ya uangalizi wa daktari, sambamba na mazoezi yenyewe.