Pesa ya Hija Iliyolala Kwenye Kopo

Shangazi yangu wa Tanga alianza kuweka akiba ya Hija kwenye kopo la Kimbo mwaka niliomaliza darasa la saba. Kopo likajaa, pesa ikahamia chini ya godoro. Kila akikaribia gharama ya safari, gharama nayo inapanda. Benki hataki hata kuisikia, anaogopa riba, na simlaumu.

Tukitajiwa uchumi wa Kiislamu tunakimbilia riba: haramu, basi, mazungumzo yameisha. Ni nadra kuuliza pesa iliyoikimbia riba imekwenda wapi. Mimi nasema imelala, na dini yetu haipendi pesa ilale. Mwenye milioni 40 zilizokaa tu, zikishafika nisabu, kile kiwango cha chini cha mali kinachotolewa zaka, na mwaka ukazunguka, zaka yake ni asilimia 2.5, yaani milioni moja. Mwaka ujao tena. Ndiyo maana imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba mali za mayatima zifanyiwe biashara, zisije zikaliwa na zaka.

Malaya, kabla haijaitwa Malaysia, walikuwa nao akina shangazi wengi. Mkulima anauza shamba au mifugo ahiji, akirudi ni alhaji fukara. Mwaka 1959 mchumi Ungku Abdul Aziz akapendekeza akiba hizo zikusanywe, ziwekezwe kwa halali, na faida irudi kwa wenyewe. Mfuko ukaanza 1963. Leo ni Tabung Haji. Vijisenti vya wanakijiji vikawa mashamba ya michikichi, majengo na hisa. Mtu anangoja zamu yake ya kwenda Makka, na huku pesa yake imeshampa mwenzake ajira.

Sitawapamba. Mwaka 2018 ilibainika kwamba madeni ya mfuko yamezidi mali zake, na serikali ikalazimika kuunda kampuni ya kubeba mali zilizodorora. Walioweka akiba hawakupoteza, kwa sababu sheria inaifanya serikali kuwa mdhamini wao.

Kwetu ndipo ninapokwama. Benki za Kiislamu tunazo, Amana ipo tangu 2011. Mudharaba masheikh wameufundisha sana: huyu atoe mtaji, yule atoe kazi, faida wagawane kwa mapatano, na mtaji ukiungua bila uzembe wa mfanyakazi, hasara ni ya mwenye mali. Lakini nani atakubali hasara ya kitabu cha hesabu asichofunguliwa? Watu wanasema Waislamu hatuna mtaji. Mtaji upo, umewekwa mvunguni kwa sababu mwenyewe anaweza kuuhesabu usiku.

Nilimsimulia shangazi habari za Malaysia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wenzetu, mwanangu, hesabu wanasomewa?"

Nikamwambia hutangazwa kila mwaka.

"Sisi msikitini tunasomewa kilichoingia," akasema. "Kilichotoka je?"

Akainuka kwenda kuangalia uji wake jikoni.